Unaanza kukusanya midoli midogo ya manyoya? Anza na lebo

Kila anayeingia kwenye hii hobi anauliza swali lilelile, ninunue yupi kwanza, na mimi jibu langu ni kwamba subiri kidogo, jifunze kusoma lebo kwanza. Najua haina raha kama kufungua boksi ila sura ya mdoli siku hizi inaigwa kirahisi sana jamani, manyoya yanaigwa, boksi linaigwa, na mwenye macho mageni hawezi kuona tofauti. Lebo ndo inakupa pa kuanzia.

Midoli mingi ina lebo mbili. Kuna ile ya karatasi inayoning'inia sikioni au mkononi, alafu kuna ile ya kitambaa iliyoshonwa makalioni au ubavuni. Ya kitambaa ndo inaandikwa kampuni, nchi ilikotengenezwa na kilichojazwa ndani. Sasa hapa kuna kitu kinawachanganya wengi, ule mwaka ulio pembeni ya alama ya hakimiliki, ile c ndani ya duara, mara nyingi ni mwaka wa mhusika mwenyewe na sio mwaka mdoli uliposhonwa. Mfano Rilakkuma, yule dubu wa kampuni ya San-X ya Japani, alianza 2003, kwahiyo ukimkuta ameandikwa 2003 usikubali muuzaji akwambie huyu ni wa zamani sana, anaweza kuwa ametoka kiwandani juzi tu.

Hii mambo ya alama haijaanza leo. Steiff ya Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa na Margarete Steiff mwaka 1880, ilianza kubana kitufe cha chuma kwenye sikio la midoli yake mwaka 1904 ili watu watofautishe na za kuiga, na mpaka leo wakusanyaji wakishika dubu wa zamani wanaangalia sikio kwanza. Beanie Babies, vile vidoli vya wanyama vilivyojazwa punje vya kampuni ya Ty, nazo zina ule moyo mwekundu wa karatasi, na muundo wa huo moyo umebadilika mara kadhaa, kwahiyo mtu anayezijua anaangalia moyo pamoja na lebo ya kitambaa anakwambia ni za kipindi gani. Ndo maana nasema usikate lebo! Hata kama inakukera, iache, kuna vikava vidogo vya plastiki vya kuikinga isipinde.

Tuje kwa Labubu, yule mdoli wa manyoya mwenye masikio marefu na meno nje, maana najua wengi mmeletwa na yeye. Mchoraji wake ni Kasing Lung, alizaliwa Hong Kong akakulia Uholanzi, na wahusika wake wa The Monsters walitoka 2015. Kampuni ya Pop Mart ya China ikaanza kufanya naye kazi 2019, vile vya kuning'iniza kwenye begi vyenye uso wa vinili (aina ya plastiki) vikaja 2023, na 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink la Korea, akaonekana navyo basi dunia nzima ikataka. Feki zikafuata, mpaka zikapewa jina lao, Lafufu. Hesabu meno, orijino yapo 9. Angalia rangi ya uso, mishono ya shingoni, kama manyoya yamesambaa vizuri au kuna sehemu kichwa kipo wazi. Boksi lina msimbo wa kukwangua na kuskani, lakini kuweni makini hapa kwasababu watengeneza feki wanaweza kukupeleka kwenye tovuti iliyofanana kabisa na ya kweli, soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi, usiridhike na neno kwamba bidhaa ni halisi. Kitu kimoja peke yake hakitoshi, linganisha vyote.

Alafu kuna hayo maboksi yenyewe ya kununua bila kujua ndani kuna nani. Hapa nataka mnisikilize vizuri maana ndo pesa za wageni zinapoishia. Chukulia seti ina wahusika 6 na kila mmoja ana nafasi sawa. Ukinunua boksi mojamoja huku na huku, ili uwapate wote sita itabidi kwa wastani ufungue karibu 15, sio 6, kwasababu kadri unavyokaribia kumaliza ndo unazidi kupata waliojirudia, yule wa mwisho peke yake anakula kama sita hivi kwa wastani. Ukitaka seti nzima nunua seti iliyofungwa kiwandani, kawaida wanakuwa tofauti wote. Na yule wa siri, mhusika adimu anayefichwa kwenye maboksi machache, ambaye kwenye seti za namna hii huandikwa 1 kwa 72, watu wanadhani ukinunua 72 lazima umpate, hapana, ukinunua ovyo ovyo sehemu tofauti bado kuna uwezekano wa zaidi ya theluthi moja usimpate kabisa. Kama unampenda huyo mmoja tu basi mnunue kwa mtu ambaye ameshafungua, au badilishaneni. Kubadilishana ndo sehemu tamu ya hii hobi kwa maoni yangu, unapata marafiki na waliojirudia wanapata kwao.

Ukienda kununua mkononi usiangalie bei anayotaka muuzaji, angalia bei ambazo vimeuzwa kweli. Yule dubu wa zambarau wa Ty, Princess, wa kumkumbuka Diana, hadi leo kuna watu wanamtangaza kwa bei ya gari wakati alitengenezwa kwa wingi na anauzika kwa hela ndogo tu. Miaka ya mwisho ya tisini watu walijaza nyumba zao Beanie Babies wakiamini ni uwekezaji, bei zikaporomoka. Nunua kwasababu unataka kumuona kila ukiamka, na chagua mstari wako mapema, mhusika mmoja, au saizi moja, mfano Sumikko Gurashi, wahusika wengine wa San-X, zipo ndogo za kukaa kiganjani, ukiamua hizo tu ni mkusanyiko mzuri kabisa na hauhitaji nafasi.

Kutunza sasa. Jua linapausha rangi kwahiyo rafu isitazamane na dirisha. Usifungie kwenye mfuko wa nailoni sehemu yenye unyevu, ukungu ukiingia kwenye manyoya harufu haitoki. Vumbi toa kwa brashi laini. Kuosha, soma lebo kwanza (unaona tunarudi palepale), nyingi ni za kupangusa tu na kitambaa chenye maji ya baridi na sabuni kidogo, kisha anika kivulini, na usiweke kwenye mashine ya kukaushia maana joto linakunja manyoya na hayarudi tena. Zenye uso wa vinili msizibananishe na plastiki laini muda mrefu, zinaweza kunata au kuambukizana rangi. Na kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3 nyumbani weka juu kabisa, nyingi za hizi zina vipande vidogo na punje ndani, hazikutengenezwa kwa ajili yake.