Chagua achari kwanza, mbegu baadaye

Dada, swali lako nimelielewa hivi: umehamia Nagoya, manispaa imekukodisha kipande cha shamba chenye ukubwa wa chumba, unataka kupanda mboga za asili za Kijapani na kuzitia achari mwenyewe, na hujui uanze na ipi. Halafu kuna mtu amekutisha kwamba ndoo ya pumba za mchele, ya kuchachushia mboga, lazima ikorogwe kila siku maisha yako yote, na mwishoni umeuliza kama unaweza kuuza. Walionitangulia wamekupa orodha ndefu ya mbegu. Kwa maoni yangu wamekuanzishia mkiani.

Mimi nimeolewa Kyoto, kwenye nyumba ambayo mama mkwe hajawahi kuzungumzia mboga bila kutaja chombo chake. Ukimwonyesha mche anauliza utaingia wapi: kwenye chumvi, kwenye pumba, kwenye machicha ya sake (pombe ya mchele), au kwenye siki. Mwanzoni niliona ni ukaidi wa kizee, kumbe ndiyo hesabu yenyewe. Nyingi ya hizi mboga za asili wakulima walizichagua kizazi kwa kizazi kwa ajili ya achari ya eneo lao, kwa hiyo ukinunua mbegu kwa kuvutiwa na picha ya paketi, utavuna kitu ambacho hujui ukifanyie nini. Amua kwanza unataka kula achari gani, na mwezi gani.

Chukua figili ndefu nyeupe, daikon. Ile ya supamaketi yenye shingo ya kijani asili yake ni hukohuko kwenu Aichi, ni ya ukoo wa Miyashige, figili ya Kiyosu. Ilishinda sokoni kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake hujitokeza juu ya udongo, unaivuta kwa mkono mmoja. Nerima ya Tokyo, ambayo zamani ndiyo ilikuwa figili ya takuan, imezama karibu yote ardhini na imenenepa katikati, kuing'oa kunataka mgongo. Wakulima wengi waliiacha. Lakini kwa takuan, ile achari ya figili iliyoanikwa kisha ikafukiwa kwenye pumba na chumvi, Nerima bado ni bora: nyama yake imeshikana na hukauka vizuri. Ya supamaketi ina maji mengi. Ni tamu ikiliwa mbichi au ikilala usiku mmoja kwenye pumba, ila ukiitundika ikauke, inabaki kamba tu.

Watakuambia pia ujaribu Moriguchi kwa kuwa ni mboga ya asili ya Aichi na Gifu. Ni kweli, ndiyo ile figili nyembamba kama vidole viwili na ndefu kuliko mita moja. Iache. Inataka mchanga mlaini wa kandokando ya mto Kiso, na achari yake hulazwa kwenye machicha ya sake, yakabadilishwa tena na tena, kazi ya miaka. Hiyo nunua dukani ukipata mgeni.

Sasa ni Mei, na kwa Mei mimi ningekushauri shibazuke. Hii ni achari ya Ohara, bonde lililozungukwa na milima kaskazini ya jiji la Kyoto, na inataka vitu vitatu tu: biringanya, majani ya shiso nyekundu (kiungo cha majani yenye harufu nzuri) na chumvi. Nunua miche ya biringanya wiki hii, panda miwili au mitatu, inatosha. Mbegu za shiso zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zimwage juu ya udongo uliolowa, ukazigandamize kwa kiganja bila kuzifukia. Usipande shiso ya kijani karibu. Hizi mbili huchanganya mbegu, na mwaka unaofuata unapata majani ya rangi ya mashaka, si mekundu si ya kijani.

Julai ikifika, kata biringanya vipande vinene, chuma majani ya shiso bila vijiti vyake, na upime chumvi. Mimi huweka gramu 40 hadi 50 kwa kila kilo ya mboga. Panga kwa tabaka kwenye ndoo ya plastiki ya achari, weka kifuniko cha ndani, kisha uzito juu yake, mara mbili ya uzito wa mboga. Maji lazima yapande na kufunika kila kitu ndani ya siku moja au mbili. Yasipopanda, ongeza uzito. Baada ya hapo ni kusubiri kama mwezi, joto la kiangazi linafanya kazi yenyewe. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaoishi kwenye majani wanakula sukari na kutoa uchachu, na chumvi inawazuia wengine. Uzuri wa shibazuke kwa anayejifunza ni kwamba huhitaji kipimo cha asidi: rangi ya shiso hubadilika kadiri asidi inavyopanda, kutoka zambarau iliyofifia hadi nyekundu ya kung'aa. Ukiona ndoo imewaka wekundu, imechachuka. Nyingi zinazouzwa kwenye vifuko, zenye matango na tangawizi, zimetiwa siki na sukari, hazijachachuka kabisa. Si mbaya, ila ni kitu kingine.

Takuan ni ya vuli. Panda figili kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, usitangulie kwa sababu joto la Nagoya litaichoma, wala usichelewe kwa sababu haitanenepa kabla ya baridi. Chimba kwenda chini kuliko unavyodhani, sentimita 50 kama mgongo unaruhusu, na uondoe kila jiwe. Mzizi ukigonga jiwe, donge la udongo au samadi ambayo haijaiva, unagawanyika miguu miwili. Figili haihamishwi, mbegu hutiwa palepale itakapokulia: nne au tano kwa kila shimo, nafasi ya sentimita 30, kisha punguza kidogokidogo mpaka ubaki mche mmoja ukiwa na majani matano au sita. Miche unayong'oa usitupe. Ipake chumvi kiasi, ikamue, kula na wali siku hiyohiyo.

Neti iwekwe siku ileile ya kupanda, si siku utakapoona matundu. Adui mkubwa ni viwavi weusi wa aina ya nyigu wadogo, ambao hujikunja na kujiangusha ukiwagusa tu. Ndiyo maana mama mkwe huenda shambani na ungo: anaushika chini ya jani, anatikisa, anamaliza. Kwenye tanipu na kabichi ya Kichina kuna pia ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, unaopenda udongo wenye asidi na unaokaa ardhini miaka. Tia chokaa kabla ya kupanda na usirudie mboga za jamii hiyo mahali pamoja. Kwenye shamba la kukodi huwezi kujua aliyekutangulia alipanda nini, muulize jirani wa tuta. Wazee wa pale wanajua historia ya kila kipande, na hakuna mada wanayoifurahia zaidi.

Mwanzoni mwa Desemba ng'oa, osha, funga mbilimbili kwa majani yake, na tundika barazani kwenye upepo bila mvua. Wiki moja na nusu hadi mbili. Ikiwa tayari unaweza kuikunja mpaka ncha zikaribiane bila kuvunjika. Usiku wa baridi kali ingiza ndani, maana ikiganda inalegea na haifai tena. Kisha pima figili zilizokauka: chumvi asilimia 5 hadi 6 ya uzito huo, pumba asilimia 15 hadi 20, vipande vya mwani wa kombu, pilipili kavu chache, na maganda ya tunda la kaki yaliyokaushwa kwa ajili ya utamu. Panga zikibanana kabisa, kila pengo lijae pumba, majani makavu juu, kifuniko, uzito mara mbili ya figili. Maji yakipanda punguza uzito nusu. Februari unaanza kula. Kama unataka zivuke kiangazi, ongeza chumvi hadi asilimia 8 au zaidi, la sivyo zitakuwa chachu hadi meno yagome. Njano itakuja yenyewe kutokana na kemikali za figili, haitakuwa ya kupiga kelele kama ya dukani ambayo imetiwa rangi.

Sasa hiyo ndoo ya kukoroga, nukadoko. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa.

Pumba mbichi usinunue. Tafuta vile vibanda vya kukobolea mchele kwa sarafu, vingi viko pembezoni mwa mji. Pumba hubaki pale na mara nyingi unaruhusiwa kuchukua bure. Kilo moja ya pumba, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, gramu 130 za chumvi, kipande cha kombu, pilipili mbili. Kanda mpaka ukifinya kiganjani mchanganyiko huo ushikane na maji yatoke kwa mbali. Kisha unalisha bila kula: majani ya nje ya kabichi, vichwa vya figili, unavibadilisha kila baada ya siku tatu au nne kwa muda wa wiki mbili hivi, mpaka harufu ya pumba mbichi igeuke kuwa harufu chachu inayoita mate. Hapo tango hulala usiku mmoja, kiangazi hata saa chache. Biringanya ipake chumvi kwanza, na ukitaka zambarau yake isififie weka kipande cha chuma safi ndani ya ndoo au uipake shabu kidogo.

Kwa nini kukoroga? Juu, penye hewa, kuna hamira inayotengeneza utando mweupe na harufu ya gundi. Chini, pasipo hewa, kuna bakteria wanaoleta harufu ya soksi. Wale wa katikati, bakteria wa asidi ya laktiki, ndio unaowataka. Ukikoroga kwa kupindua, wa juu unawazika na wa chini unawatoa kwenye hewa, wote wanadhoofika. Basi, hakuna uchawi wa mkono wa mama. Kwa hiyo jibu lako ni hili: nje ya friji, kwenye kiangazi cha Nagoya kinachopita digrii 35, ni kweli kila siku, tena asubuhi na jioni. Ndani ya friji mara mbili kwa wiki inatosha, ila mboga zitachukua muda mrefu zaidi. Utando mweupe ukiuona usipige kelele. Kama ni mwembamba upindue ndani, kama ni mnene ukwangue. Ikizidi uchachu, tia unga wa haradali au maganda ya mayai yaliyosagwa, kisha ongeza pumba na chumvi. Ukisafiri, jaza chumvi juu uiweke kwenye friji. Ukiona ukungu mweusi au mwekundu, tupa yote uanze upya, usihurumie.

Kuna mmoja hapo juu amesema achari za huku zote ni chumvi na mwenye presha asizisogelee. Kwa takuan na umeboshi (matunda ya ume yaliyotiwa chumvi) yuko sahihi. Lakini milima ya Kiso, Nagano, kuna sunki, majani ya tanipu nyekundu yanayochachushwa bila chumvi hata punje. Chumvi ilikuwa shida kufika milimani. Wao hutia kianzio cha sunki ya mwaka jana kwenye majani yaliyopitishwa maji ya moto, kama tunavyobakiza mtindi wa jana kugandisha maziwa ya leo. Ukiipata sokoni nunua, na ukiwa na kianzio unaweza kujaribu kwa majani ya tanipu yako.

Kuhusu kujiwekea mbegu: kwa figili inawezekana kama hakuna figili nyingine inayochanua karibu. Kwa jamii ya tanipu usijidanganye. Tanipu, mboga za majani za mizuna, komatsuna na nozawana, na kabichi ya Kichina, zote ni spishi moja na nyuki hawabagui. Kwenye shamba la kukodi lenye majirani ishirini utavuna machotara. Nunua mbegu kila mwaka, na kwenye paketi hakikisha haikuandikwa F1, yaani mbegu chotara, kama unataka ya asili. Tena angalia mkataba wako. Mashamba mengi ya manispaa hufunga mwaka ifikapo Machi, na mboga hizi huchanua mwezi wa nne.

La kuuza. Zamani akina bibi walipeleka achari zao kwenye masoko ya barabarani kwa taratibu nyepesi. Mwaka 2012 kabichi ya chumvi kutoka kiwanda kimoja cha Sapporo ilisambaza bakteria wa O157 na watu 8 wakafariki, serikali ikakaza. Tangu Juni 2021 mtengenezaji wa achari anahitaji leseni, na muda wa mpito uliisha mwisho wa Mei 2024. Leseni inataka chumba cha kazi kilichotengwa na jiko la nyumbani, chenye sinki na sehemu yake ya kunawia mikono. Wazee wengi wameacha, hawawezi kujenga chumba kipya kwa ajili ya ndoo tano. Wewe gawia majirani bure, na ukitaka biashara nenda kwanza kituo cha afya cha wilaya, hokenjo, na mchoro wa jiko lako kabla hujanunua hata ndoo moja.