Mkanda wa mgongo hautibu rafu iliyoshonana

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ni mwaka wa sita nahudumu maktaba. Asubuhi narudisha vitabu rafuni kwa muda wa saa nne mfululizo. Mwezi uliopita mkufunzi alikuja kutufundisha kunyanyua "kwa magoti, si kwa mgongo", kisha akatuuzia mikanda ya kufunga kiunoni. Naufunga kila siku, lakini kiuno bado kinauma, na sasa kifundo cha mkono wa kulia nacho kimeanza. Je, naufunga vibaya?

JIBU: Huufungi vibaya, ndugu yangu. Mkanda wenyewe ndio hauiwezi kazi hiyo. Swali hili huniudhi, si kwa sababu yako, bali kwa sababu lilishajibiwa zamani. Mwaka 1994 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipitia tafiti zilizokuwapo ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mikanda hiyo humkinga mfanyakazi mwenye afya asiumie mgongo. Tena ikaonya kuwa anayeuvaa anaweza kujiona salama akabeba kupita kiasi. Bado inauzwa, na bado watu wazima wanakatwa mishahara kuilipia!

Somo la magoti si uongo, ila wewe hubebi magunia. Unashika kitabu cha kilo moja, mara mia kadhaa, huku umeinama kwenye rafu ya chini au umenyoosha mkono juu ya kichwa. Kikomo cha uzito wa kunyanyua kilichowekwa na NIOSH huanzia kilo 23, mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujipinda. Kila unapojinyoosha, kujipinda au kurudia, kiwango hicho hushuka.

Kesho utazame mkono wako unapochomoa kitabu kilichobanwa na wenzake. Gumba huku, vidole viwili kule, kifundo kimepinda, unavuta. Kubana kwa ncha za vidole hukaza kano kuliko kushika kwa kiganja kizima. Visukume ndani vitabu vya pembeni, kisha ukishike chako katikati. Dawa hasa ni kuacha kama robo ya kila rafu wazi, na hilo ni la mkuu wako kuamua. Rafu ya chini ikalie kigoda. Vitabu vizito vikae ngazi ya kati ya toroli. Na muda wote huo ugawanywe: saa moja rafuni, kisha kaunta au kazi nyingine.

Vidole vikifa ganzi usiku, hasa gumba, cha shahada na cha kati, nenda hospitali ukapimwe mshipa wa fahamu unaopita kifundoni. Usijinunulie bendeji ngumu ya kuvaa kazini. Kifundo kikizuiwa, kiwiko na bega hubeba mzigo wake.

Kwa wakuu wa maktaba: mafunzo ya siku moja ukumbini, bila kugusa rafu wala ratiba, hayapunguzi maumivu ya mgongo. Mkufunzi anayestahili malipo huanza kwa kusimama kati ya rafu, akamtazama mtu akipanga toroli zima, akapima urefu wa kaunta, akawauliza wahudumu panapouma. Akifika na boksi la mikanda kabla ya hayo, mrudisheni nalo.