Jibu: Nimeshaomba, mbona bado silali?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza: ukishamwomba Mungu kuhusu kazi, kisha usiku kucha ukapiga hesabu za madeni, je, ndiyo kusema humwamini? Mimi nilikaa miezi saba bila kazi, na swali langu lilikuwa hilo hilo.

Kwanza angalia unaombea siku zipi. Mimi nilikuwa naombea mwaka mzima kwa mpigo. Soma Kutoka 16: mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliokotwa ya siku moja, iliyobakizwa hadi asubuhi ikaingia mabuu na kunuka, siku ya sita tu ndiyo waliyookota maradufu. Na waliamka wakaiokota wenyewe! Kwa hiyo kuzunguka kutafuta kazi si kukosa imani, dada yangu.

Nikaanza kuombea kesho tu, na nikamweleza mzee mmoja wa kanisa hali yangu halisi. Hili la pili lilikuwa gumu zaidi, maana niliona aibu, lakini msaada ulipitia huko huko. Usingizi ulirudi kidogo kidogo.

Kwa nini wengine wanangoja miaka, hilo sijui. Mathayo 6:34, ule mstari wa kutosumbukia ya kesho, usiusome kama karipio. Usome polepole usiku, daftari la madeni likiwa limeshafungwa.