Wazee wenzangu, msingoje mkojo uzibe

Nina miaka 68, naishi Mikindani, na shamba langu la mikorosho liko Nanyamba. Kwa miaka mitatu niliamka usiku mara nne, mara tano, nikasimama msalani naukamia mkojo unaotoka kwa kusitasita, nikarudi kulala nahisi bado umebaki. Mke wangu akiuliza, nasema ni chai ya jioni.

Kilichoniumiza zaidi ni udhu. Natawadha vizuri, naingia kwenye safu, nikirukuu tu nasikia tone. Nikaacha msikiti, nikawa naswali nyumbani, na wenzangu wakadhani nimenuna.

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa nilishikwa na mafua, nikanunua vidonge dukani. Usiku ule mkojo ukagoma kabisa. Chini ya kitovu pakavimba, pakawa pagumu kama dafu. Mwanangu alinipakia kwenye bodaboda, na kila shimo la barabara lilinitoa machozi. Hospitali wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo, mfuko ukajaa kupita lita moja. Sijapata kuonja raha kama ile.

Daktari alinieleza kwamba tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Ikikua, huubana. Baadhi ya dawa za mafua hukaza misuli ya hapohapo, nyingine hulegeza kibofu kisisukume. Kwa hiyo mzee mwenye shida hii asinunue dawa ya mafua bila kumwambia muuzaji. Mimi sikusema, kwa aibu, na siku tano nikatembea na mfuko umefungwa pajani chini ya msuli.

Vipimo visiwatishe. Kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA, kinachopima protini inayotoka kwenye tezi dume, na kuna ultrasaundi. PSA ikipanda si lazima iwe saratani, maana hata maambukizi ya mkojo huipandisha. Ndiyo maana daktari huangalia na mengine. Kile kipimo cha kidole njia ya haja kubwa, kinachokimbiwa na wazee, hakimalizi dakika moja.

Natumia dawa ya tamsulosin kila usiku. Inalegeza njia, lakini inaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Dawa nyingine, finasteride, hupunguza tezi yenyewe, ila inataka subira ya miezi sita hivi. Kuna wanaoacha mwezi wa pili wakisema haifai.

Maji msiyaache, hasa kwenye jua la shambani. Nakunywa mchana, napunguza kuanzia magharibi. Nakojoa nimechuchumaa bila haraka, nasubiri kidogo, najaribu tena, kisha nabonyeza taratibu nyuma ya korodani kuelekea mbele ili yaliyobaki yatoke. Hilo ndilo lililonirudisha msikitini. Na sheikh alinieleza kuwa ambaye mkojo haumzuiliki kabisa hutawadha wakati wa swala ukishaingia, kisha anaswali.

Mkiona damu, msiseme ni joto. Sisi tulioogelea mabwawani utotoni inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa jambo zito zaidi. Damu, homa yenye maumivu, au mkojo kufunga: nendeni siku hiyohiyo.

Juzi shemeji yangu wa Newala alinipigia simu, akauliza kwa sauti ya chini kama najua mizizi ya kuchemsha. Nimemwambia apande gari aje alale kwangu. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote.