Mama ana kisukari, hali chakula wala halali usingizi, na swala zinampita: je, ni udhaifu wa imani?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mama yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa 12. Baada ya Idi ya Mfunguo Tatu alikatwa vidole viwili vya mguu. Tangu hapo chakula anakigusa tu, usingizi hauji, wageni hawataki, sindano ya insulini mpaka abembelezwe, na swala nyingi zinampita. Akikumbushwa analia. Ami yangu anasema mwenye imani hasononeki hivi, asubiri tu. Jirani naye ametuletea mtu wa kisomo, anataka mama aache sindano siku saba ili kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa ili ayanywe, lifanye kazi. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, binti yangu. Nianze na la sindano, maana hilo halingoji. Msiache hata siku moja. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaambia: "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Iko kwa Abu Daud na Tirmidhi. Qur'ani ni shifaa, msomeeni mama usiku na mchana. Lakini anayemwachisha mgonjwa insulini kwa ajili ya kombe anachezea roho ya mtu, na mlango muonyesheni.

Sasa ami. Mwambie kwa adabu afungue Surat Yusuf. Aya ya 83 Nabii Yaaqub (a.s.) anasema subira ni njema. Aya inayofuata, ya 84, macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Ni yeye yule! Aliyeitamka subira ndiye aliyepofuka kwa kumlilia mwanawe, na wanawe wakamlaumu kama mama yako anavyolaumiwa. Akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Tena angalia: jeraha lilikuwa moyoni, kilichozimika ni jicho.

Na mwili nao huisumbua nafsi. Siku moja kwenye darsa baada ya Magharibi, mzee mmoja alianza kutetemeka, jasho linamchuruzika, anasema maneno yasiyoeleweka. Watu wakamzunguka kwa Ayatul Kursi, mmoja kamkamata kidole gumba eti jini lisitoke kabla halijajitaja. Kijana mmoja muuguzi akauliza, "Mzee ana sukari?" Akaletewa chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne, akanyweshwa kidogo kidogo. Haikupita nusu saa mzee anauliza viatu vyake viko wapi. Sukari ilikuwa imeshuka. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa katika waliokuwa wakisoma.

Wanazuoni wetu wa zamani hawakuutenga mwili na nafsi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika juu ya afya ya vyote viwili pamoja. Aligawa huzuni: ile ambayo mtu anaijua sababu yake, na ile isiyojulikana inakotoka, akasema hii ya pili chanzo chake kimo mwilini, itibiwe kwa dawa za mwili. Leo madaktari wanasema mwenye kisukari yuko katika hatari ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Akisononeka hali chakula vizuri wala hajidungi sindano. Sukari ikipanda anachoka zaidi na huzuni inazidi. Kwa hiyo mkienda kliniki msionyeshe kidonda tu. Mwambieni daktari kwamba halali usingizi, analia, hataki watu. Akiandikiwa dawa ya sonona ameze, ni dawa kama insulini. Akianza kusema bora afe, msimwache peke yake, na hospitali iwe siku hiyo hiyo.

Nyumbani mpikieni talbina, uji wa shayiri na maziwa. Bibi Aisha (r.a.) aliwaagizia wagonjwa na wafiwa, akisema alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema inautuliza moyo wa mgonjwa na inaondoa baadhi ya huzuni. Baadhi, si yote. Wengi huitia asali. Ya mama msiitie.

Swala haijamwondokea, kwani akili anayo, ila imefanywa nyepesi. Sahaba Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akaambiwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kuchanganya swala kwa ugonjwa, kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi hairuhusu, lakini Imam Nawawi, naye ni Shafi, aliiona kauli ya kuruhusu kuwa ina nguvu. Basi achanganye Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, mpaka apate nafuu. Zilizopita atazilipa polepole, na msimhesabie mbele ya watu.

Ami akija tena, mpeni kazi: akae karibu na kitanda amsomee mama Surat Yusuf kwa sauti ya chini, na asiishie aya ya 83.

Wallahu a'lam.