Kwa gaida mpya wa Meru: usianze na urefu

Msimu wangu wa kwanza nilikariri namba tu. Meru mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania; kibanda cha Miriakamba 2,514; kibanda cha Saddle 3,570. Nilizimwaga zote pale pale geti la Momella. Mama mmoja mgeni akanyoosha fimbo kuelekea kileleni: "Upande ule mwingine wa mlima umeenda wapi?" Nikaishia kukohoa.

Wadogo zangu, alikuwa amesimama juu yake. Meru ni volkano ya matabaka: lava ilishuka ikaganda, majivu yakaifunika, ikaja lava nyingine, majivu tena. Mlima wa namna hiyo hupanda haraka, lakini ubavu wake si imara. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, ukamwagika hadi tambarare kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vya Momella ni mabonge ya Meru yenyewe, na maziwa yametuama katikati yake. Haya yote yasemee hapo hapo, mgeni angali ana pumzi.

Jioni mkiwa Miriakamba, chai isiwacheleweshe. Chukueni askari wa hifadhi (nyati hawana urafiki) muwapeleke wageni sakafu ya kreta, lile shimo kubwa la volkano. Mbele yenu kuna ukuta wa takriban mita 1,500, na matabaka yake yanahesabika kwa macho, kama chapati zilizopangwa kwenye hotipoti. Chini ya ukuta kimeota kilima cha majivu, kilichozaliwa baada ya mlima kubomoka. Mlipuko wa mwisho ulikuwa mwaka 1910, kwa hiyo nisikusikie ukimwambia mtu volkano imekufa. Imelala.

Usiku wa kupanda kilele, nyamaza. Kati ya Rhino Point na Cobra Point majivu yanajieleza yenyewe: unapiga hatua, yanakurudisha nusu. Kazi yako hapo ni mwendo wa pole na kuangalia nani anayumba.

Kuna swali moja magaida wengi hulikwepa: mbona wenyeji wengi wana meno ya kahawia? Usione haya. Maji yetu hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi, nayo huharibu jino la mtoto likiwa bado linajengeka ndani ya fizi. Mimi nimekulia chini ya mlima huu. Siku hizi hata sisubiri kuulizwa, natabasamu tu.