Homa, mguu wauma, na eksirei iko safi
Mama wa Wete uliyeuliza: mtoto wako wa miaka 6, siku ya nne mguu wauma na homa bila ya kuanguka, eksirei kuwa safi isikutulize. Usaha wa mfupa, yaani vijidudu vilivyoingia mfupani, kwa kawaida hauonekani kwenye picha mpaka zipite siku 10 hadi 14.

Kidole husema mapema zaidi. Bonyeza taratibu mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Akishtuka kila ukigusa pahala palepale, na mguu hataki kuukanyagia, mchukulie kuwa ni usaha wa mfupa mpaka ithibitike sivyo.

Mpeleke hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, leo hii. Waombe damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki, maana hata dozi moja yaweza kukificha kidudu. Wapime na CRP na ESR (vipimo vya damu vya kuonyesha uchochezi mwilini), na ultrasaundi. Lakini akiwa amezidiwa, dawa isingojee majibu.

Ana siko seli (selimundu)? Waambie mwanzo kabisa: maumivu ya ugonjwa huo hufanana mno na haya, na watoto hao hushikwa pia na usaha wa mfupa wa kidudu kiitwacho salmonela.

Na tafadhali, msimchue mguu.